Bastola ya Mtumba

Kamenu hatuoni haya kuhusu mitumba. Jinzi ya kamera iliyovaliwa Ujerumani, friji iliyotumika Uingereza, Probox iliyomaliza zamu yake Japani: kitu ambacho mwenyewe amekichoka huko kinatua Mombasa, kinapanda hadi Thika, kinapata mwenyewe mpya na maisha yanaendelea. Ukijua kuchagua, utapata kitu kizuri kuliko kipya cha bei hiyo hiyo. Hiyo ni elimu ya mtaa, hufundishwi shuleni.

Kwa hivyo mtu akiulizia bastola vile anavyoulizia gari, swali lenyewe halishangazi sana. Tuseme una duka la M-Pesa karibu na steji. Unafunga saa tatu usiku, pesa za watu ziko mfukoni, na njia ya kwenda kwako haina taa. Ya jirani umeyasikia. Halafu siku moja mse anakunong'onezea kwamba kuna mguu wa kuku mahali, kadogo, kanaingia mfukoni bila kuonekana. Kamezeeka lakini kanafanya kazi, na bei si mbaya. Kwa kuanzia, anasema, kanatosha.

Marekani mazungumzo kama hayo hufanywa mchana kweupe. Watu hukaa wakalinganisha bastola zilizostaafishwa na majeshi ya Ulaya Mashariki, kama vile Makarov, iliyoingia jeshi la Kisovieti mwaka 1951: fupi, chuma kitupu, risasi nane. Wanabishana kama inafaa kuwa silaha ya kwanza ya mtu asiye na pesa nyingi. Kwetu mazungumzo hayo ni ya kunong'ona, na sababu si uoga tu. Nchi hii ina historia ndefu na silaha za mtumba, na ukiifuata historia hiyo unakuta jambo moja linajirudia: pesa unayolipia chuma huwa ndogo, na deni lililobaki hudaiwa baadaye, mara nyingi kwa mtu aliyedhani ameshalipa.

Tuanze Pwani. Karne ya 19 ilipovuka nusu, majeshi ya Ulaya yalianza kuacha bunduki za kushindilia baruti mdomoni na kuchukua za kupakia risasi kwa nyuma. Maghala yakajaa chuma cha zamani. Wafanyabiashara wakakinunua kwa bei ya kutupa, wakakipakia melini, na sehemu kubwa ikashukia Zanzibar. Kutoka hapo bunduki zikapanda bara na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, hadi Tabora, hadi Ujiji, hadi ng'ambo ya ziwa. Watu waliziita magobori. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kwa mwaka. Kwa Ulaya zile zilikuwa takataka za ghala. Kwa kijiji kilichovamiwa alfajiri, gobori liliua vizuri tu.

Halafu waliouza wakaanza kuogopa. Mkataba wa Brussels wa 1890, ulioandikwa kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia kuingiza bunduki katika ukanda mpana wa Afrika, kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Kenya yote imo ndani ya ukanda huo. Lakini Mwingereza alipopanda bara miaka hiyo hiyo, alikuja na bunduki mpya kabisa, na mzinga wa Maxim juu. Silaha hazikukatazwa huku. Walichoweka ni utaratibu wa nani anaruhusiwa kuzishika.

Utaratibu huo ulifika Thika mapema. Mji ulikua katikati ya mashamba ya walowezi, kahawa upande huu, katani upande ule, na baadaye mananasi. Mlowezi alitembea na bastola kiunoni kama kawaida. Mwanaume Mwafrika, kuanzia mwaka 1920 hivi, alitembea na kipande ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Kila mmoja alibeba chuma chake. Cha huyu kilisema anaweza kukuua, cha yule kilisema nani amemwajiri na kama ameruhusiwa kuondoka kazini.

Vita vya Pili vya Dunia vilivuruga mpango huo kidogo. Maelfu ya Waafrika waliingia King's African Rifles, wakapigana na Waitaliano Ethiopia na Wajapani Burma. Mmoja wao alikuwa Waruhiu Itote, ambaye baadaye tungemjua kama Jenerali China. Serikali iliwafundisha kulenga, kuvizia, kusafisha bunduki gizani. Vita vilipoisha 1945, bunduki zilirudishwa ghalani na askari wakarudi kijijini, kwenye kipande kile kile. Ujuzi lakini haukurudishwa ghalani.

Tarehe 7 Oktoba 1952 Chifu Mkuu Waruhiu wa Kungu alipigwa risasi ndani ya gari lake, Kiambu. Tarehe 20 mwezi huo Gavana Evelyn Baring akatangaza Hali ya Hatari. Kuanzia hapo bastola ikawa kitu cha mezani katika nyumba za walowezi, iko kando ya sahani na chini ya mto. Na kuna usiku ilifanya kazi. Mapema Januari 1953, upande wa Nyeri, wanawake wawili walowezi, Dorothy Raynes-Simpson na Kitty Hesselberger, walivamiwa wakiwa nyumbani jioni. Mmoja alikuwa na bastola karibu, mwingine akachukua bunduki ya marisau, wakawaua baadhi ya wavamizi na wenyewe wakapona. Magazeti ya Uingereza yalilisimulia tukio hilo kwa furaha. Nalitaja kwa sababu anayetaka bastola ana hoja, na hoja yake ni hii: kuna usiku ambapo chuma kilicho mkononi ndicho tofauti kati ya kuamka na kutoamka. Asiyekubali hivyo hajawahi kufunga duka saa tatu usiku.

Lakini hesabu nzima ya miaka ile inasema jambo lingine pia. Wapiganaji wa msituni hawakuwa na meli iliyowaletea silaha kutoka nje. Walizipata wapi? Walijitengenezea kwa bomba la maji, komeo la mlango na ukanda wa mpira wa tyubu ya gari, bunduki ambazo mara nyingine zilimlipukia aliyeshika. Zile nzuri walizichukua kwa wenye nazo: polisi, homu gadi, walowezi. Usiku wa 26 Machi 1953 walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakafungulia wafungwa na kuondoka na bunduki kibao. Kwa maneno mengine, kila silaha iliyonunuliwa kumlinda mtu ilikuwa pia silaha inayosubiri kuchukuliwa. Mwenye nayo alikuwa salama zaidi kwa dakika fulani, na saa zilizobaki alikuwa ghala lisilo na askari.

Serikali ililijibu hilo kwa kitanzi. Mwaka 1953 kanuni za Hali ya Hatari ziliongezwa hadi kupatikana na bunduki bila kibali, au hata risasi, likawa kosa la kunyongwa. Haikuhitajika kuthibitisha kwamba umempiga mtu. Mwanahistoria David Anderson, aliyepekua kumbukumbu za mahakama za wakati huo, alihesabu watu 1,090 walionyongwa, na wengi wao hawakuhukumiwa kwa kuua. Walikutwa na silaha, au walikutwa pamoja na wenye silaha, au walilisha watu kiapo.

Aliye maarufu kati yao wote alikufa kwa sababu ya bastola moja. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 pembeni mwa msitu, Nyeri, akiwa amepigwa risasi mguuni. Novemba hiyo alifikishwa mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor mjini Nyeri. Mashtaka hayakuwa uasi. Hayakuwa mauaji. Yalikuwa mawili: kupatikana na rivolva ya .38 aina ya Webley & Scott, na kupatikana na risasi sita. Utetezi wake ulikuwa kwamba alikuwa akitoka msituni kujisalimisha. Mahakama haikukubali. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Leo sanamu yake mjini Nairobi, kwenye barabara inayoitwa kwa jina lake, imeshika bunduki ndefu na kisu. Faili la mahakama linakumbuka kile kirivolva.

Sasa fikiria rivolva yenyewe. Webley & Scott walikuwa mafundi wa Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza. Thika nayo, kwa wingi wa viwanda vyake, ilikuja kuitwa Birmingham ya Kenya, na wazee wa huku bado wanalitaja jina hilo kwa fahari. Basi chuma kilichotoka Birmingham moja kilimpeleka mtu kwenye kitanzi kilicho mwendo wa chini ya saa moja kutoka Birmingham ya pili. Mikononi mwa afisa wa polisi, rivolva kama ile ilikuwa kifaa cha kazi, kama filimbi. Kiunoni mwa mlowezi ilikuwa busara. Kwa Kimathi ilikuwa kifo. Chuma ni kile kile, risasi sita ni zile zile. Kilichotofautiana ni karatasi, na karatasi ilitofautiana kwa sababu ya mtu.

Rivolva za .38 zilizagaa duniani kwa sababu ya vita. Viwanda vya Birmingham havikuweza kutosheleza jeshi la Uingereza peke yake, hivyo nyingine ziliagizwa Marekani, kwa Smith & Wesson. Vita vilipoisha zikawa nyingi kupita kiasi, na nyingi ziliuzwa kama mtumba. Wafanyabiashara wa Marekani walizinunua, wakakata mitutu ili ziwe fupi za kuingia mfukoni, wakaziuza kwa posta. Moja ilinunuliwa mwaka 1963 kwa dola 29.95 na kijana aliyetumia jina la uongo. Kijana huyo alikuwa Lee Harvey Oswald, na kwa rivolva hiyo alimuua polisi J. D. Tippit mjini Dallas tarehe 22 Novemba, siku ile ile Rais Kennedy alipouawa. Bunduki iliyomuua Kennedy nayo ilikuwa mtumba wa jeshi la Italia, na ilikuja kwa posta vile vile. Mwaka 1968 Marekani ilipitisha sheria iliyokomesha kuuza bunduki kwa posta namna hiyo na kuzuia mitumba ya kijeshi kuingia nchini, ingawa baadaye mlango huo ulifunguliwa tena. Hata wao, wenye Katiba inayotaja haki ya kubeba silaha tangu 1791, walilazimika kujiuliza ni nani anayeuziwa chuma cha bei rahisi.

Sisi hatuna haki kama hiyo. Katiba yetu ya 2010 ina haki nyingi, lakini ya kumiliki bunduki haimo. Kilichopo ni Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, na ukiangalia ilizaliwa lini utaelewa mengi: ilipitishwa 1953, Hali ya Hatari ikiwa imepamba moto. Desemba 1963 wapiganaji walitoka msituni na kukabidhi silaha zao. Bendera ikabadilika. Sheria ikabaki, ikirekebishwa hapa na pale, na moyo wake ni ule ule: bunduki ni ruhusa, na ruhusa hupewa mtu anayeonekana anafaa na mwenye sababu nzuri. Swali la nani anaonekana anafaa halikujibiwa upya siku ya Uhuru. Mtu mwenye shamba, kampuni na wakili hujieleza kirahisi mbele ya ofisi. Mwenye kibanda cha M-Pesa hujieleza kwa shida, ingawa ndiye anayetembea gizani na pesa.

Hapo katikati, kati ya hofu ya kweli na ofisi iliyo mbali, ndipo mtumba unapoingia. Majeshi ya majirani yameporomoka mara kadhaa, na kila moja likiporomoka, ghala lake linakuwa soko. Mwaka 1979, Amin alipoanguka, kambi ya Moroto kule Karamoja iliporwa silaha. Mwaka 1991 zilianguka mbili kwa mkupuo, ya Siad Barre Januari na ya Mengistu Mei. Barabara ya Garissa inaanzia hapa Thika, na kule mwisho inafika mpaka wa Somalia. Inabeba mbuzi, miraa, wanafunzi na watu wanaotafuta riziki, lakini tangu mwaka ule imekuwa pia na vizuizi vya polisi ambavyo kila abiria anavijua. Mwaka 2017 watafiti wa Small Arms Survey walikadiria kwamba raia wa Kenya wanamiliki bunduki 750,000. Zilizosajiliwa zilikuwa zaidi kidogo ya 8,000. Yaani kwa kila bunduki yenye karatasi, kuna karibu tisini zisizo nayo.

Kale kamguu ka kuku ulikonong'onezewa kametoka kwenye hizo tisini. Na hapa ndipo mtumba wa bastola unapotofautiana na mtumba wa jinzi. Jinzi ukiifua, jasho la aliyeivaa linatoka. Bastola haifuliki. Pini inapogonga ganda la risasi huacha alama yake, na mtutu huchora mistari yake kwenye risasi inayopita. Alama hizo hulinganishwa kwenye maabara, ganda la leo na ganda la miaka mitatu iliyopita. Kama chuma hicho kiliwahi kumwangusha mtu Ruiru au Makongeni, wewe uliyekinunua juzi ndiye utakayekutwa nacho. Muuzaji hatasimama kortini kukuelezea. Ulidhani umenunua ulinzi, kumbe umenunua kesi ya mtu mwingine.

Na hiyo ni kama utafika kortini. Sheng ina neno ambalo halipaswi kuwepo katika lugha yoyote: bonoko. Ni bastola bandia, au chuma kibovu, ambacho karao anadaiwa kukiweka kando ya maiti ya kijana ili ripoti isome vizuri. Kila mtaa unalijua neno hilo bila kufunzwa. Maana yake ni kwamba vijana wa huku wanaweza kufa kwa ajili ya bastola hata wakiwa hawana. Sasa fikiria kijana huyo huyo anayo kweli. Atakayemkuta nayo hatauliza kuhusu duka, wala kuhusu njia isiyo na taa. Hatakuwa na haja hata ya bonoko.

Najua jibu litakalokuja: basi tukae tu tuporwe? La. Hofu ya Kamenu ni halali na inastahili majibu: taa barabarani, kituo cha polisi kinachopokea simu, kufunga duka mapema, kupeleka pesa benki kabla jua halijatua, majirani wanaosindikizana. Najua hayo yote yanasikika madogo mbele ya mtu aliyeshika panga. Na anayeona lazima awe na silaha, mlango wa leseni upo, wenye cheti cha mwenendo mwema, maswali na ukaguzi. Hata huo si mlango wa kuvuka mara moja ukasahau. Desemba 2018 serikali iliwaamuru raia wote wenye leseni wapeleke bunduki na makaratasi yao yakaguliwe upya, kwa sababu baadhi ya makaratasi yenyewe yalikuwa bandia. Ni mlango mwembamba, na ninaamini umejengwa kwa upendeleo tangu 1953. Tunaweza kudai upanuliwe, au udaiwe kwa haki sawa kwa kila mtu. Hayo ni mapambano ya kufanywa mchana, kwa sauti. Kununua chuma kichochoroni hakubadilishi sheria hata neno moja. Kunampa karao sababu aliyokuwa akiitafuta.

Novemba 2016, kule Ngong, serikali ilipanga bunduki 5,250 zilizokusanywa nchini kote na kuzichoma moto. Ndani ya rundo lile hapakukosa chuma kilichowahi kuuzwa kwa maneno matamu: ni kazee lakini kanafanya kazi, kwa kuanzia kanatosha. Kila kimoja kilikuwa na mtu aliyekishika kwanza, wa pili, wa tatu, na pengine wa kumi. Anayekunong'onezea leo anajua bei anayotaka. Muulize waliokishika kabla yako wako wapi sasa, kisha usubiri uone kama atajibu.